1.08^n = 1 + 0.1n: loga imegoma, nifanyeje?

Assalaam alaikum. Ndugu uliyeuliza jinsi ya kuipata n hapo juu, hujakosea popote. Ukitia loga (logarithm, inayoshusha kipeo chini) pande zote unapata n·log 1.08 = log(1 + 0.1n). Ile n ya kushoto imetoka kwenye kipeo, lakini ya kulia sasa imefungiwa ndani ya loga. Ukiirudisha, ya kwanza inapanda tena kwenye kipeo. Ni kufua maji ya mashua ambayo tundu halijazibwa.

Mlinganyo huu naujua kwa sababu ulinikuta hapa Lamu, si darasani. Shemeji yangu alitaka 50,000 akarabati mashua yake Matondoni. (Masuala ya riba tuyaache, alishasemwa vya kutosha nyumbani.) Mkopeshaji wa kwanza alitoza asilimia 10 kwa mwezi juu ya deni la awali tu, yaani 5,000 kila mwezi. Wa pili alitoza asilimia 8, ila riba nayo inazaa riba. Wote walitaka walipwe kwa mkupuo mmoja mwishoni. Shemeji akaniuliza: ni mwezi gani wa pili anakuwa ghali kuliko wa kwanza? Ukiita idadi ya miezi n, hapo ndipo 1.08^n inapokutana na 1 + 0.1n.

Kabla ya mbinu yoyote, chora grafu ya pande zote mbili au weka namba chache. Mwezi wa 6, yule wa asilimia 8 anadai 79,344 na mwenzake 80,000. Mwezi wa 7 ni 85,691 dhidi ya 85,000. Kwa hiyo jibu liko kati ya 6 na 7. Kuna jibu jingine, n = 0, siku ya kukopa, na hilo ndilo lililonitesa.

Mimi nilijifanya fundi. Nikaandika n = 10(1.08^n − 1), nikaanza na 6, kila jibu nikalirudisha ndani. Nikapata 5.87, 5.71, 5.52... linateremka kuelekea sifuri. Nikaanza na 7: 7.14, 7.32, 7.57, linakimbilia juu. Nikadhani kalkuleta imeharibika. Kumbe kwa mpangilio ule kila hatua hukuza kosa karibu na jibu badala ya kulipunguza. Ukiugeuza, n = log(1 + 0.1n) ÷ log 1.08, ukianza na 6 unapata 6.11, 6.19, 6.26. Unafika, lakini kwa mwendo wa kobe.

Ukitaka usalama, gawa nusu. Jaribu 6.5: kushoto 1.6491, kulia 1.65, kushoto bado ni ndogo, basi jibu limezidi 6.5. Jaribu 6.75: kushoto imepita, basi rudi chini. Gawa hivyo mara kumi na kosa lako halifiki 0.001. Haihitaji akili nyingi, na ndiyo maana naipenda.

Ukiwa na haraka tumia mbinu ya Newton: chukua tofauti ya pande mbili (kushoto toa kulia), gawa kwa mteremko wake (1.08^n × 0.07696 − 0.1, ambapo 0.07696 ni loga asilia ya 1.08, kitufe cha ln kwenye kalkuleta), kisha toa kwenye n uliyonayo. Kuanzia 7 nilipata 6.567, kisha 6.532, ikatulia. Ila usianze na 3! Pale mteremko unakaribia sifuri, nami nilirushwa hadi hasi 10.2. Ndiyo maana nimesema chora kwanza.

Utasikia kwamba ipo fomula kamili yenye herufi W, iliyopewa jina la Johann Heinrich Lambert (1728–1777). Ni kweli, ipo. Lakini kalkuleta ya kawaida haina kitufe cha W, na thamani yake yenyewe hutafutwa kwa kukisia na kusahihisha vilevile. Kwenye mtihani andika 6.53 na uonyeshe hatua zako. Kwa mkopeshaji ile 0.53 haina maana, yeye huhesabu mwezi mzima.

Nilimwambia shemeji: ukilipa ndani ya miezi sita chukua wa asilimia 8, ukivuka chukua wa asilimia 10. Ilikuwa mwezi wa nne, kusi imeanza, naye hakutarajia pesa mpaka kaskazi, mwezi wa kumi na moja. Akachukua wa 10. Halafu mtu aliyekuwa na deni lake la zamani akamlipa ghafla, naye akamaliza mkopo mwezi wa tano tangu akope: 75,000, badala ya 73,466. Zile 1,534 ananidai mimi mpaka leo.