Msimamo wa Ligi Hauna Siri Zote, Wagosi

Wiki hii nimewasikia tena hewani mkiisifu timu inayoshinda 1-0 kila wikiendi: "Hawa wana damu ya ubingwa." Damu gani, watangazaji wadogo zangu? Mbili kati ya mechi hizo mabao yamepatikana dakika za jioni, tena moja kipa kajifunga. Basi kaeni chini.

1. Kabla ya kufungua maiki, tazameni mabao ya kufunga na kufungwa. Kwenye besiboli ya Marekani, mchambuzi wa takwimu Bill James alitoa kanuni nyepesi ya kukadiria timu ilistahili kushinda mechi ngapi: mikimbio (ndiyo mabao yao) ya kufunga, kipeo cha pili, gawanya kwa jumla ya vipeo vya pili vya kufunga na kufungwa, kisha zidisha kwa idadi ya mechi. Mwaka 2012 timu ya Baltimore Orioles walifunga 712, wakafungwa 705. Kanuni inawapa ushindi wa mechi 82 hivi. Wao walishinda 93; hiyo ziada inanuka bahati.

2. Mechi za tofauti ya bao moja zitengeni. Hao Orioles walishinda 29 za namna hiyo, wakapoteza 9. Mwaka uliofuata: 20 kwa 31. Texas Rangers wa 2016 ndiyo balaa, 36 kwa 11, jumla ushindi 95. 2017 wakabaki na 78.

Mnadhani nimezaliwa nayajua haya? Kuna timu ya ndondo, mashindano ya mtaani, ya Ngamiani hapa Tanga niliipamba redioni mpaka mzee mmoja muuza spea za pikipiki akaniita pembeni: "Mwanangu, nikiwashika hawa vijana mwakani sitaaibika?" Nikamjibu kwa sauti ileile ya hewani, weka pesa mzee wangu. Na daftari ninalo kwapani! Nusu fainali walipita kwa matuta. Fainali, kona ikamgonga beki wa watu ikaingia. Robo fainali wamegongewa mwamba hadi nikachoka kuandika. Yote kwa mwandiko wangu, na yote niliyasoma kama "roho ya kupambana". Mzee akanunua jezi, viatu, akalipia chakula cha kambi, akakodi Coaster. Msimu ukaja, vijana walewale, kocha yuleyule, kona zilezile. Safari hii mpira ukawa unatoka nje. Hawakuvuka makundi. Mzee hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Nikipita dukani kwake ananikaribisha kahawa, halafu anamgeukia mteja: "Huyu ndiye mtaalamu wangu." Kikombe hakishuki.

3. Mechi chache hudanganya zaidi. Besiboli wanacheza 162 kwa msimu na bado bahati inapenya. Ligi Kuu yetu ni 30. Ndondo ndiyo msiseme.

4. Ushindi wa matuta uandikeni kama sare.

5. Ila msigeuke wajuaji wa kuita kila kitu bahati, maana nako nimewasikia. Orioles walewale mwaka 2014 walishinda 96, safari hii wakifunga 705 na kufungwa 593. Hapo timu ilikuwepo, na aliyeshikilia wimbo wa "bahati" wa 2012 aliumbuka. Hesabu hurudiwa kila msimu.

6. Msikilizaji wa Tanga akipiga simu kuuliza kama ubingwa wa ligi wa Coastal Union yetu wa 1988 ulikuwa bahati, nendeni matangazo.