Injini haifiki mizunguko yake mlimani: je, turbo ndiyo dawa?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Nimeacha pikipiki yangu ya theluji ya zamani, iliyokuwa na treki (mkanda mpana wa mpira unaozunguka chini na kuisukuma mashine) ya inchi 146, nikachukua mpya ya mlimani: injini ya mipigo miwili, cc 850, haina turbo (kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi), treki ya inchi 165 yenye meno ya inchi 3. Nikiwa mita 2,900 juu ya usawa wa bahari na kuvuta mafuta yote, injini inagota kwenye mizunguko 7,500 kwa dakika, ilhali kitabu kinasema 7,900. Tena kwenye theluji laini nyuma inazama na kuchimba handaki badala ya kupanda. Naambiwa nilikosea, ningechukua yenye turbo. Ni kweli?

Jibu: Ndugu msomaji, usiiuze bado. Hapo una matatizo mawili, na yote mawili yanarekebishika. Mizunguko 400 uliyoikosa imepotelea kwenye klachi. Handaki linatokana na uzito kurudi nyuma pamoja na namna unavyovuta mafuta. Turbo ingekufichia tatizo la kwanza na kulikuza la pili.

Tuanze na klachi. Klachi ya mbele ina vizito ambavyo hutupwa nje kadiri injini inavyozunguka, vikaibana puli na kuisukuma belti, ile inayopeleka nguvu kwenye treki, ipande. Uzito wake hupangwa kulingana na nguvu ya injini. Sasa, injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa sababu hewa inapungua. Injini ya nguvu farasi 165 ikifika mita 2,900 hubakiwa na 120 hivi. Vizito vilivyopangwa kwa ajili ya bondeni vitailemea, nayo itakwama chini ya mizunguko yake. Kwa injini ya mipigo miwili hilo ni pigo kubwa, maana ekzosi yake imepimwa ifanye kazi vizuri kwenye ukanda mwembamba tu wa mizunguko. Ukiwa 400 chini ya hapo, hata zile nguvu 120 huzipati zote.

Kabla ya kugusa vizito, kagua vitu vya bei rahisi. Angalia wavu wa kuingizia hewa, kwani theluji ya unga huuziba na injini ikakosa pumzi. Pima upana wa belti ulinganishe na kipimo cha mwisho kilichoandikwa kitabuni. Belti iliyokonda hubadilisha hesabu zote za klachi. Safisha nyuso za puli kwa kitambaa na kisafishio cha breki, kisha hakikisha puli mbili zimenyooka sambamba. Kama belti ni mpya, iendeshe kwa upole kilomita 50 za kwanza kabla ya kuihukumu.

Haya yote yakiwa sawa, tafuta jedwali la vizito kwa mwinuko, ambalo huwa kitabuni au kwenye kifuniko cha klachi. Mara nyingi utakuta mashine ilitoka ikiwa imepangwa kwa mwinuko wa chini. Kama huna jedwali, kadirio la kuanzia ni kwamba kupunguza gramu 2 kwa kila kizito huongeza mizunguko karibu 200. Wewe basi unahitaji kupunguza kama gramu 4, lakini shusha mbili kwanza, jaribu, ndipo ushushe nyingine. Vizito vyote viwe na uzito mmoja, la sivyo klachi itatetemeka na kula beringi. Klachi nyingine hazibadilishwi vizito, zina skrubu zenye namba. Kupandisha namba huongeza mizunguko, na skrubu zote ziwe kwenye namba ileile.

Jaribio lifanyike belti ikiwa ya moto, kwenye theluji ya kina, mafuta yote kwa sekunde kadhaa, ukisoma mizunguko pale inapotulia, si pale inaporuka mwanzoni. Chagua mteremko usiofika nyuzi 25 na usio na mlima mkali juu yake; poromoko nyingi za theluji huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Na ukishuka tena bondeni, rudisha vizito. Vizito vyepesi kwenye hewa nzito huifanya injini ipite mizunguko yake, na hapo unahatarisha pistoni.

Tukija kwenye handaki, treki ya inchi 165 ilitengenezwa ili uzito wako utandazwe kwenye eneo kubwa na mashine ielee. Itaelea ikiwa tu imelala bapa. Ukivuta mafuta kwa ghafla kutoka kusimama, ski zinanyanyuka, uzito wote unakaa nyuma, na meno ya inchi 3 yanafanya kazi ya jembe. Anza taratibu, mashine ipande juu ya theluji kwanza, kisha ongeza. Halafu kaza tundu moja ule mkanda wa saspensheni unaozuia mkono wa mbele wa treki usishuke mno. Ski zitabaki chini zaidi. Gharama yake ni usukani mzito kidogo na ugumu wa kuilaza mashine ubavu wa mlima, kwa hiyo usikaze matundu matatu kwa mkupuo.

Pima pia mashine inavyodidimia unapoikalia. Nyanyua bamba la nyuma mpaka saspensheni ifunguke yote, pima urefu kutoka chini. Kaa na mavazi na mkoba wako, pima tena. Tofauti ya sentimita 5 hadi 8 ni mahali pazuri pa kuanzia. Ikizidi, springi ya nyuma ni laini mno kwako, na hapo hakuna treki itakayokuokoa.

Kuhusu turbo yenyewe: ni kazi nzuri ya uhandisi. Watengenezaji Ski-Doo walitoa ya kwanza ya kiwandani kwa injini ya mipigo miwili kwenye modeli za 2020, ikishika nguvu farasi 165 hadi mita 2,440, na Polaris wakafuata kwa modeli za 2022. Faida ambayo watu huisahau ni kwamba nguvu isipobadilika, vizito vya klachi navyo havihitaji kubadilishwa kila unapohama mwinuko. Kama muda wako mwingi uko juu ya mita 2,500 kwenye theluji ya kina, inastahili. Kama unazunguka miongoni mwa miti, ningechagua treki ya inchi 154 isiyo na turbo, kwa sababu inageuka haraka na ni nyepesi.

Jambo moja ambalo hukuuliza: meno ya inchi 3 hayapendi njia ngumu ya barafu. Rejeta iliyo chini ya mwili wa mashine hupozwa na theluji inayorushwa na treki, na plastiki za reli ambazo treki huteleza juu yake hulainishwa na theluji hiyohiyo. Shusha vikwaruzo, yaani vyuma vinavyokwaruza barafu na kuirusha kwenye treki, kila unapopita njia ngumu. Asubuhi usivute mafuta yote kabla maji ya rejeta hayajafika nyuzi 40 za Selsiasi, maana pistoni hutanuka haraka kuliko silinda na hunata.