Dola bilioni 61 za Ukraine zilikokwenda
Wapo wanaodai kwamba dola bilioni 61 ambazo Marekani iliidhinisha kwa ajili ya Ukraine zilipelekwa Kyiv zikiwa taslimu. Hapana, hazikupelekwa hivyo. Kwa mujibu wa muhtasari wa mswada uliopitishwa na Bunge la Marekani Aprili 2024, zaidi ya bilioni 23 zilitengwa kujaza upya maghala ya Marekani yenyewe baada ya silaha zake kupelekwa vitani, na karibu bilioni 14 nyingine zilikuwa za kununua silaha mpya, ambazo nyingi hutengenezwa katika viwanda vya huko huko. Msaada wa bajeti, takriban bilioni 8, uliandikwa kuwa mkopo, ingawa sheria ilimruhusu rais kuusamehe.

Utaratibu huo umebadilika: tangu Julai 2025 washirika wa NATO, hasa wa Ulaya, hulipia silaha za Marekani zinazokwenda Ukraine.

Naunga mkono silaha hizo ziendelee, kwa kuwa mwaka 1994 Ukraine ilikubali kuachana na silaha za nyuklia baada ya Urusi, Marekani na Uingereza kuahidi kuheshimu mipaka yake. Nasi wa Nairobi, tulioona bei ya unga wa ngano ikipanda mwaka 2022, vita hivi vinatuhusu.