Saplai ya Eurorack inagoma kuwaka na ampea zinatosha: angalia umeme wa kuanzia

Mkuu, umesema saplai ya Eurorack yako (sinthesaiza inayoundwa kwa moduli, yaani vipande vinavyochomekwa kimoja kimoja) ni ya ampea 2, moduli zote ukijumlisha zinakula 1.4, lakini ukiwasha taa zinapepesa na saplai inalia tik tik tik mpaka uchomoe moduli mbili ndo inakubali. Usikimbilie kuitupa, inawezekana kabisa ni nzima. Hiyo 1.4 ni ya moduli zikishatulia, pale mwanzo hesabu ni nyingine.

Kila moduli ina kapasita, kifaa kidogo cha kutunza umeme, pale umeme unapoingilia, na kapasita tupu ukiipa umeme ghafla inakuwa kama shoti kwa muda mfupi. Chukua moduli 40 zenye mikrofaradi 47 kila moja kwenye +12 (njia ya volti 12 ya saplai), jumla 1880, ili zijae ndani ya milisekunde 10 unahitaji ampea kama 2.26 za kujaza tu, hapo moduli za kidijitali hazijaanza kuvuta za kwake. Saplai inaona imezidiwa inajikata, inajaribu tena, inajikata, ndo hiyo tik tik.

Mimi ilinitesa wiki mbili, nikabadilisha waya zote bure. Siku nimeweka mita kwenye +12 nikaona namba inapanda kidogo inaanguka, inapanda inaanguka, nikazima nikachomoa moduli moja ya kidijitali yenye kioo, nikawasha, volti 12 zikasimama palepale.

Nilichofanya ni kugawa mzigo, saplai mbili kila moja na swichi yake, nawasha ya kwanza, nasubiri sekunde tatu, nawasha ya pili. Ila 0V (yaani ground) za zote mbili ziunganishe kwa waya mnene, hapo usifanye uvivu. Kama unajitengenezea moduli, rezista ya ohm 10 mlangoni inasaidia kwa zile za miliampea 20 hivi, unapoteza volti 0.2 tu, ila inayokula 150 usiiwekee maana itakula volti 1.5.

Na ile thamista (kifaa kinachobana umeme kikiwa baridi) iliyo ndani ya saplai upande wa umeme wa ukutani inapunguza mkupuo wa kujaza kapasita za saplai yenyewe, kwa moduli zako haisaidii kitu, halafu ikiwa ya moto hailindi vizuri, kwa hiyo ukizima subiri dakika ndo uwashe, acha kuchezea swichi.

Leo chomoa za kidijitali zote, washa, halafu rudisha moja moja huku ukizima kila mara kabla ya kuchomeka, uje utuambie ni ipi inaiangusha.