Weka hiyo bidoni ya maji chini kwanza

Nimesoma mpango wako wa mazoezi ya wiki-endi, baiskeli, kuogelea na kukimbia, mpaka pale ulipoandika "robo lita kila dakika kumi, hata bila kiu, lita kumi kwenda Musanze na kurudi", nikaishia hapo. Mengine uliyouliza, matairi, mahali pa kuogelea, Jumapili ukimbie kiasi gani, yatangoja. Mdogo wangu, nani kakupa hiyo hesabu? Usinijibu. Kama si yule aliyenipa mimi, basi ni wa ukoo mmoja.

Mimi ilinikuta Julai 2022. Mwezi wa nane Rubavu, upande wa Rwanda, walikuwa wanaandaa Ironman 70.3 yao ya kwanza, michezo mitatu mfululizo: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli 90, kukimbia 21.1, na mimi mtu wa Himbi hapa Goma, mlango wa jirani kabisa, nitakosaje? Nikalipa kiingilio. Nikatangaza kazini, nikatangaza kanisani, hata mama anayetuuzia sambaza, vile visamaki vya ziwani, pale soko la Kituku alijua.

Kocha wangu alikuwa wa simu. Kila asubuhi ananitumia sauti ya WhatsApp, na kila sauti ina wimbo mmoja: ukisikia kiu ujue umeshachelewa, kunywa kabla, kunywa tena. Hakuwahi kuniona nikitoka jasho hata siku moja. Yeye anaishi kwenye joto la kuyeyusha lami. Mimi niko mita 1,500 juu ya bahari, mwezi wa saba, asubuhi natoka na jaketi. Lakini nililipa dola 60 kwa mwezi, na ushauri ukishaulipia unauona mtamu.

Jumamosi ile nilijipima kabla ya kutoka, kwa majivuno tu, nione kama kitambi kimepungua: kilo 72. Nikavuka mpaka pale Petite Barrière mapema, nikaogelea kidogo Rubavu, nikapanda baiskeli. Siku hizo mpaka ulikuwa unafungwa saa tisa alasiri, kwa hiyo nilikuwa na haraka. Simu nilikuwa nimeitegesha ilie kila baada ya dakika kumi. Ikilia, nakunywa. Kile kilima cha kutoka Rubavu kwenda Bigogwe unakijua, unapanda taratibu, hewa baridi, jasho lenyewe la kutafuta. Simu inalia, nakunywa. Kila kituo najaza bidoni zangu mbili, zile chupa za baiskeli, maji matupu. Nilikula ndizi mbili siku nzima.

Wakati wa kurudi kichwa kikaanza kuuma. Tumbo linapiga kelele kama jerikeni nusu. Na hapa nisikilize vizuri: pete ya ndoa ilikuwa imebana. Niliona kidole kimevimba pande zote mbili za pete kama mkate ulioumuka, nikajaribu kuizungusha, haikwenda. Mkojo wenyewe tangu asubuhi nilikojoa mara moja. Nikasimama kando ya barabara, nikamtumia kocha sauti. Akajibu ndani ya dakika mbili, kwa uhakika wote wa mtu aliyekaa kivulini: "Hiyo ni kiu ya ndani, ongeza maji."

Nikaongeza maji.

Mpakani afisa aliniuliza naitwa nani nikamtajia jina la mbwa wetu. Alicheka, akadhani namtania, akanipitisha. Upande wetu, kwenye barabara tambarare kabisa, chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, yenye magunia ya makaa ilinipita, mwenyewe anaisukuma kwa mguu huku anapiga mluzi. Nilifika nyumbani, mke wangu akaniona nimevimba uso, akafanya ambacho kila mtu mwema angefanya: akaniletea glasi kubwa ya maji. Nikanywa. Nikatapika. Baada ya hapo sikumbuki, nasimuliwa tu kwamba nilianza kukakamaa na kutetemeka sebuleni mbele ya watoto.

Zahanati ya kwanza, sitaitaja, waliona mtu wa michezo kaanguka, wakasema kakaukiwa maji, wakanitundikia seramu ya sukari. Yaani maji juu ya maji. Aliyeniokoa ni daktari mmoja wa hospitali tuliyohamishiwa, aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza: "Amekunywa lita ngapi?" Mke wangu akahesabu bidoni. Lita tisa, pengine zaidi. Wakapima damu: sodiamu, yaani chumvi ya damu, 121, wakati ya mtu mzima inatakiwa iwe kati ya 135 na 145. Wakaniweka kwenye mzani: kilo 75. Nimekanyaga kilomita 120 na vilima vyake, nimerudi na kilo tatu za ziada! Nikatundikiwa maji ya chumvi makali, kidogo kidogo, usiku kucha. Pete wakaikata kwa koleo. Iko kwenye droo mpaka leo, ina mwanya, na mama watoto kila tukikosana anaitoa ananionyesha.

Bili ilikuwa dola 340. Mashindano ya Agosti niliyatazama nimesimama kando na mwavuli, napigia makofi watu niliowashinda mazoezini. Kocha aliposikia alisema labda sikunywa kwa mpangilio. Dola 60 zangu hakurudisha.

Sasa kwa nini nakupigia kelele. Ukifanya kazi ndefu hivyo mwili wenyewe unashikilia maji, figo zinapunguza mkojo. Wewe unaendelea kumimina kuliko unavyotoa jasho, basi chumvi ya damu inazimuliwa kama chai iliyoongezwa maji mara ya tatu, na ubongo unavimba ndani ya fuvu ambalo halitanuki. Si hadithi za Goma. Daktari Tim Noakes wa Afrika Kusini alishaandika juu yake mwaka 1985. Boston Marathon ya 2002 walipima damu ya wakimbiaji 488 wakakuta asilimia 13 sodiamu imeshuka, na watatu kati yao walikuwa 120 au chini. Mwaka 2015 pale Frankfurt mwanamichezo wa miaka 30 alimaliza Ironman akafa kwa jambo hilihili. Na usinijie na vidonge vya chumvi ukidhani ni kinga, ukishazidisha maji chumvi haikuokoi. Dawa ni kutozidisha.

Kwa hiyo: mzani. Jipime asubuhi baada ya choo, bila nguo. Jipime ukirudi, bila nguo, umejifuta jasho. Kupungua kilo moja, moja na nusu, ni sawa kabisa, ule, ulale. Ukikuta uzito uko vilevile, ulikunywa kupita kiasi, punguza safari ijayo. Ukikuta umeongezeka, usiguse maji mpaka ukojoe vizuri, na kama kichwa kinauma au unatapika, nenda hospitali, na umwambie mtu wa nyumbani mapema aseme neno "sodiamu" mlangoni, kwa sababu wewe utakuwa unataja jina la mbwa. Njiani kunywa ukisikia kiu. Kiu. Ile aliyokupa Mungu, si ya simu.

Kuogelea: Ziwa Kivu halina mamba, lakini alfajiri usiingie kwenye vile vijighuba vya barabara ya Sake, mazuku, ile hewa ya sumu inayotoka ardhini, yanalala pale chini kabla upepo haujaamka, na hewa ile haina rangi wala haikupi onyo. Ogelea jua likishatoka, na pirogi, mtumbwi, ikufuate. Matairi weka mapana utakayoweza, haya mawe ya lava hayana adabu. La Jumapili nimelisahau, nitarudi kulisoma.

Jumamosi usiku nataka kuona hapa namba mbili tu, kilo za kutoka na kilo za kurudi. Na pete iache nyumbani.