Programu ya barua pepe iliyoachwa na watengenezaji: toa barua kwanza, vipengele baadaye

Mkuu, nimelisoma swali lako mara mbili. Unasema programu yako ya barua pepe ya kwenye kompyuta imeachwa na watengenezaji, haipati tena masasisho, nawe una barua za miaka kumi na minne ndani yake. Unauliza kama kuna kiraka cha kuiongezea vipengele inavyokosa: kusoma Kiarabu, kupanga barua kwa mazungumzo, na kuingia kwenye akaunti zinazodai uthibitisho wa simu. Nakujibu kwa yaliyonifika mwenyewe.

Kiraka hakipo, usipoteze usiku wako kukitafuta. Hamisha barua wiki hii, wakati programu bado inafunguka.

Najua kuiacha si rahisi. Ofisi yetu ni ndogo, iko Mjini Zanzibar, tunasafirisha viungo, na wateja wengi wako Muscat na Dubai. Mwisho wa 2009 umeme wa kutoka bara ulikatika na Unguja ikakaa gizani karibu miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Jenereta tuliiwasha mara mbili kwa siku kwa sababu ya bei ya mafuta. Asubuhi tunaunganisha mtandao, programu inavuta barua zote kwa POP3, yaani njia ya kushusha barua kutoka kwenye seva hadi kwenye kompyuta, tunazima. Mchana kutwa tunasoma na kujibu kwa betri ya laptopu, na majibu yanasubiri ndani ya programu hadi jioni jenereta iwake, yatoke yote kwa pamoja. Barua za kwenye kivinjari zisingetusaidia kitu. Kwa hiyo hao waliokujibu hapo juu "hamia kwenye kivinjari, mambo ya kizamani hayo" sikubaliani nao. Barua zinazokaa kwenye diski yako unazisoma hata mtandao ukiwa umelala, na hitaji hilo huku kwetu halijaisha.

Lakini programu ile ilikuwa na kasoro ambazo tulizivumilia kupita kiasi. Jina lake naliacha, kwa kuwa matatizo haya ni ya programu nyingi za rika lake. Kubwa lilikuwa herufi. Haikuijua UTF-8, namna ya kuhifadhi maandishi ambayo leo ndiyo ya kawaida duniani. Katika UTF-8 herufi moja ya Kiarabu huchukua baiti mbili. Programu iliyozoea herufi za Kilatini tu inaisoma kila baiti kama herufi peke yake. Mteja wa Muscat akianza jina la kampuni yake kwa "ال", sisi tunaona "ال". Kusoma tu kungevumilika. Balaa lilikuwa kujibu, maana programu iliyageuza yale ya mteja kuwa alama za kuuliza tupu, na alama ya kuuliza hairudi tena kuwa herufi. Tulituma ankara zenye jina la mteja "????? ?????" kwa muda mrefu kabla ya mteja mmoja kutuambia kwa upole kwamba benki yake imekataa kuipokea.

Kiswahili chetu kilitudanganya hapo. Tunaandika kwa herufi za kawaida, hatuna vialama juu wala chini, basi barua za ndani zilifika safi na tukadhani kila kitu ni kizima. Tatizo lilianza kujionyesha kwenye ng’. Simu na kompyuta mpya huweka ile alama iliyopinda badala ya ile iliyonyooka, na anwani za wateja wa Ng’ambo zikaanza kuingia kama "Ng’ambo". Ukiona hivyo kwenye barua zako, barua yenyewe haijaharibika, ni programu ndiyo inaisoma vibaya. Ihamishe kama ilivyo na programu mpya itaionyesha sawasawa. Usiisahihishe kwa mkono, na usiijibu kutoka kwenye programu ya zamani.

La pili ni ukubwa wa mafaili, na hapa ndipo nilipoumia. Programu nyingi za zamani huweka folda nzima ya barua katika faili moja refu, na nyingi haziwezi kuhesabu kupita GB 2, yaani baiti 2,147,483,647. Ni nyingi kwa kusikia, ila kiambatisho kikiingia kwenye barua pepe hugeuzwa kuwa maandishi, baiti tatu zikawa herufi nne, kwa hiyo picha ya MB 6 inakaa kama MB 8. Kwetu sisi, wenye vyeti na hati za mizigo zilizoskaniwa, folda moja ilifika kikomo bila onyo lolote. Programu ikanishauri nibane folda ili kuondoa zilizofutwa. Nikabofya. Umeme ukakatika katikati ya kazi, na faili likabaki nusu.

Sehemu kubwa niliikomboa kwa sababu faili lilikuwa la mtindo wa mbox, ambao ni maandishi ya kawaida. Unaweza kulifungua kwa programu ya kuhariri maandishi inayobeba mafaili makubwa, na kila barua inaanza na mstari wenye neno "From" na nafasi baada yake. Nilikata palipovunjika, nikaanzisha upya kutoka kwenye "From" iliyofuata. Siku nne. Barua za miezi saba hazikuonekana tena, zikiwemo za marehemu mshirika wetu aliyetufungulia soko la Oman. Hilo linaniuma mpaka leo.

Basi fanya hivi. Funga programu kabisa, nakili folda yake yote kwenye diski ya nje, kisha nakala ya pili kwenye diski nyingine. Usibane folda, usifute, usipange chochote kabla ya hapo. Halafu angalia mafaili yako ni ya aina gani. Kama ni mbox, Thunderbird, programu ya barua pepe ya bure iliyotokana na Mozilla, huyasoma kupitia kiongezi kinachoitwa ImportExportTools NG, na kiongezi hicho hicho hupokea pia mafaili ya .eml, ambapo kila barua ni faili lake. Kama ni aina ya pekee ya programu hiyo, tumia programu yenyewe kuyatoa kama .eml maadamu inafunguka. Ndiyo maana nakuhimiza wiki hii: kompyuta ikifa kesho na programu ikakataa kusimikwa kwenye Windows mpya, mlango huo umefungwa.

Njia nyingine ni kuweka akaunti ya IMAP, ambayo barua zake hukaa kwenye seva, ndani ya programu ya zamani na kuburuta folda zako hadi kwenye seva, kisha programu mpya inazivuta. Ni njia safi, ila huenda seva ikakukatalia. Machi 2021 IETF, shirika linaloweka viwango vya mtandao, ilitangaza kuwa TLS 1.0 na 1.1, namna za zamani za kuficha mazungumzo na seva, zimepitwa na wakati, na seva nyingi hazizipokei tena. Programu ndogo iitwayo Stunnel husaidia: inakaa kwenye kompyuta yako, programu ya zamani inazungumza nayo bila kufichwa, yenyewe ndiyo inayofunga mazungumzo kwa njia mpya kwenda nje. Suala la uthibitisho wa simu ni tofauti. Tangu 2022 akaunti za kawaida za Gmail hazikubali nywila ya kawaida peke yake kutoka programu za namna hii; unawasha uthibitisho wa hatua mbili, kisha unatengeneza nywila ya programu yenye herufi 16 na kuiweka mahali pa ile ya zamani.

Kuna aliyekutajia Eudora, programu ya barua pepe ya zamani, kuwa ni ushahidi kwamba programu iliyokufa inaweza kufufuka. Steve Dorner aliianzisha 1988 akiwa Chuo Kikuu cha Illinois, Qualcomm wakaichukua baadaye kisha wakaacha kuiendeleza, na 2018 Computer History Museum ya California ikatoa msimbo wake kwa umma. Ni jambo la heshima na ninalifurahia. Lakini kati ya kuachwa na kutolewa msimbo ilipita zaidi ya miaka kumi, na wanaokuandikia kwa Kiarabu hawatasubiri hivyo.

Thunderbird yenyewe imenifaa, ingawa nayo 2012 Mozilla walipunguza nguvu na kuiachia zaidi jamii ya wachangiaji. Leo inaishi kwa michango ya watumiaji. Inasoma Kiarabu, inapanga mazungumzo, inavuta kwa POP3 na kubaki na barua kwenye diski kama tulivyozoea. Kiolezo cha majibu kipo lakini si chepesi kama kile cha zamani, na nimekikosa sana miezi ya mwanzo.

Ukikwama, andika hapa herufi za mwisho za majina ya mafaili yako na ukubwa wa lile kubwa kuliko yote. Kama linakaribia GB 2, usiifungue programu tena kabla hujanakili.