Jibu: Picha ya nyuklia kwa mzee mwenye saratani ya tezi dume

Ndugu wa Ngamiani, umeuliza kwa nini mzee atumwe Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar, kupigwa picha ya nyuklia ya kuona kama saratani imesambaa kwenye mifupa, wakati eksirei ya hapa Tanga haikuonyesha kitu. Eksirei huchelewa, mpaka mfupa uwe umeharibika sana. Ya nyuklia hunasa mapema. Anadungwa teknishiamu-99m, dawa yenye mionzi, mshipani, anasubiri masaa 2 hadi 4 huku akinywa maji, anakojoa, kisha analala kwenye kamera. Panapong'aa, mfupa unajijenga kwa kasi isiyo ya kawaida. Ila msishtuke goti likiwaka! Yabisi ya uzeeni na mvunjiko wa zamani navyo hung'aa, ndiyo maana huenda wakataka na picha za kina zaidi za CT au MRI. Mionzi ya dawa hupungua nusu kila masaa 6, kwa hiyo wajukuu asiwapakate siku hiyo. Majibu ya PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, aende nayo.